Unamwandikia Nani?

Mwombe mtu aandike ukurasa mmoja kuhusu mambo anayoyathamini maishani, na kwa kawaida atakuletea orodha. Uaminifu. Bidii. Upendo. Kumcha Mungu. Familia kwanza. Wenye maneno zaidi huongeza subira, kisha wanafunga kwa methali. Kurasa za namna hii nimezisoma nyingi, maana watu wanaonifahamu wakishaandika huniletea nizipitie kabla hawajazipeleka wanakozipeleka, na nina kamchezo kangu: nafunika jina la mwandishi kwa kidole na kujiuliza kama ningemtambua. Ni nadra kumtambua. Hata tapeli angeweza kutia sahihi chini ya orodha ile asione haya, tena huenda yeye ndiye angeiandika vizuri zaidi.

Wala waandishi hao si waongo. Baadhi yao nawajua kwa miaka, na huo uaminifu wanaoutaja wanao kweli. Kinachowaangusha ni kwamba wamemwandikia "msomaji", kiumbe asiye na jina wala sura, na mbele ya kiumbe huyo sote tunakaa kama tunaopigwa picha ya pasipoti: kidevu juu, midomo imefungwa, hakuna kucheka. Picha inatoka safi na haifanani na mtu.

Siku hizi mtu akiniambia anataka kuandika habari za maisha yake kwa ufupi, kurasa mbili tatu za kueleza anasimamia nini, simuulizi ataandika nini. Namuuliza anamwandikia nani, na jibu la "vizazi vijavyo" silikubali. Nataka mtu mmoja, anayemjua.

Kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili mfano wa jambo hili una zaidi ya miaka 160. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Anasema mwenyewe kwamba maradhi yalikuwa yametimiza mwaka. Akamwita binti yake, Mwana Hashima, asogee aketi karibu, aje na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana maneno anayotaka kumwambia. Ndivyo utendi wake unavyoanza. Sababu ya kutunga anaitoa pia, na haina makuu: hajitii umalenga, ana kijana ambaye bado hajayajua mambo na anapenda kumuusia. Kuelekea mwisho anawaita wanawake wengine nao wausome, lakini hapo yaliyo mazito yamekwisha kusemwa kwa mtoto mmoja.

Mawaidha yenyewe yanabishaniwa hadi leo. Mwana Kupona anamtaka bintiye amtii mume kwa kiwango ambacho wasomaji wengi wa sasa, wake kwa waume, hawakikubali, na mimi ni mmoja wao. Lakini katikati ya mawaidha kuna beti chache ambapo anaacha kuagiza na kuanza kusimulia. Anamweleza Hashima alivyoishi na baba yake, kwa furaha na kicheko, bila kuvunjiana heshima muda wote waliokaa pamoja. Na ilipofika saa ya kufa, mume akarudia kumwambia kwamba yu radhi naye. Hapo sina la kubisha. Nitamwambiaje mjane kwamba hakucheka na mumewe? Agizo lake nimelikataa na bado ninamwamini, na naona sababu ni kwamba anayesimuliwa alikuwamo humo nyumbani. Hashima alimwona baba yake kwa macho. Kama kicheko kile hakikuwapo, yeye angekuwa wa kwanza kujua.

Miaka 28 baadaye, mwaka 1886, kilichapishwa kwa Kijerumani kitabu cha Emily Ruete, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844 akiitwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said. Alikuwa ameolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akahamia Hamburg, akafiwa na mumewe akiwa na watoto watatu wadogo. Kwenye utangulizi anaeleza kwamba hakuanza kuandika kwa ajili ya watu wa nje. Aliwaandikia wanawe, ambao kuhusu asili yake walijua tu kwamba mama ni Mwarabu kutoka Zanzibar, na kwa jinsi alivyokuwa amechoka mwili na roho hakutarajia kuishi hadi wakue awasimulie kwa mdomo. Akaishi hadi 1924. Watoto wakapata vyote viwili, kitabu na mama.

Anayenishawishi zaidi, hata hivyo, ni Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, kwa sababu yeye aliandika kwa namna zote mbili na tofauti inaonekana wazi. Mwaka 1771, akiwa na miaka 65, alikuwa mapumzikoni kwenye nyumba ya rafiki yake huko Twyford, Uingereza. Akaanza kuandika maisha yake kama barua kwa mwanawe William, ambaye wakati huo alikuwa gavana wa New Jersey. Sehemu hiyo inakwenda kama maongezi ya jioni. Kuna baba yake, mtengeneza mishumaa na sabuni. Kuna kaka yake James, mchapaji, aliyemchukua kujifunza kazi akiwa na miaka 12 na ambaye alikuwa mwepesi wa kumpiga. Anatoroka. Anafika Philadelphia mchafu na mchovu, ananunua mikate mitatu mikubwa, miwili anaibana makwapani, wa tatu anautafuna huku anatembea. Msichana mmoja aliyesimama mlangoni kwao anamtazama na kuona kituko. Msichana huyo ndiye aliyekuja kuwa mke wake. Halafu habari za fedha: Franklin anamwambia mwanawe jinsi alivyomkusanyia mtu deni lake, akaombwa alitunze, naye akaanza kulitumia. Makosa ya namna hiyo anayahesabu kwa jicho la mchapaji, kama makosa ya chapa ambayo angeyasahihisha lau maisha yangekuwa na toleo la pili.

Vita vya uhuru wa Marekani vikaja. William akabaki upande wa mfalme, na baba na mwana wakatengana. Franklin aliposhika tena kalamu mwaka 1784, huko Passy karibu na Paris, yule msomaji wa kwanza hakuwapo tena. Waliomsukuma safari hii walikuwa marafiki waliomwandikia barua kumsihi aendelee kwa faida ya watu wote, na barua zao mbili akazipachika ndani ya maandishi yake. Hapo ndipo inapotokea orodha. Maadili 13: kiasi, ukimya, utaratibu na kuendelea, pamoja na kijitabu chenye safu saba za siku za wiki na mistari 13, ambamo alitia nukta nyeusi kila alipoteleza.

Orodha ile si bure, na watu wameiiga kwa zaidi ya karne mbili. Ila yule kijana wa mikate haonekani tena; amekuja mzee anayefundisha. Sehemu iliyo hai kuliko zote humo imetoka kwa mtu aliyemjua. Mwanzoni maadili yalikuwa 12. Rafiki yake mmoja wa madhehebu ya Quaker akamwambia kwa upole kwamba watu wanamwona ana majivuno, na akampa mifano kadhaa mpaka akakubali. Franklin akaongeza la 13, unyenyekevu, na anakiri kwamba alifanikiwa zaidi kuuonyesha kuliko kuwa nao. Sentensi hiyo moja naipenda kuliko kijitabu chote cha nukta.

Haya nimeyaona pia kwa karibu. Mama mmoja fundi cherehani aliniletea ukurasa aliotaka kuwaachia wanawe. Ulianza hivi: "Katika maisha yangu nimethamini uaminifu." Nikamuuliza, ni yupi kati yao aliyekuwa akimfikiria alipoandika. Akasema labda yule wa pili, kwa sababu ndiye aliyekuwa anacheza chini ya meza ya kukatia nguo mama yake akiwa kazini. Nikamwambia, basi mama, mwandikie huyo wa chini ya meza.

Alichorudi nacho kilikuwa kitu kingine kabisa. Kilihusu mabaki ya vitambaa. Mteja akileta kitambaa, fundi hupima, hukata, na mara nyingi kinabaki kipande, kikubwa au kidogo kulingana na fundi anavyojua kupanga mikono na kola ili asipoteze. Wateja wengi hawaulizi. Yeye aliyakunja mabaki, akayabana kwa pini ndani ya nguo iliyokwisha shonwa, na mteja akayakuta alipoikunjua kwake. Alieleza hata namna ya kukunja: upande mzuri unaingia ndani, na pini inapitishwa kwenye upindo ili isiache tundu mahali panapoonekana. Neno uaminifu halikuwemo popote.

Binti akausoma. Akacheka, akauliza: na nguo za wanasesere wangu je? Kwa maana wanasesere wake wote walivaa vitambaa vya wateja. Mama akarudi kwenye karatasi akaongeza aya moja. Humo alisema kwamba vipande vidogo kuliko kiganja hakuwa akivirudisha, na kwamba kuna nyakati alikiita kidogo kipande ambacho hakikuwa kidogo, kwa kuwa mtoto alikuwa analia na yeye ana nguo ya watu ya kumaliza. Ningeambiwa nipunguze ukurasa ule, aya hiyo ndiyo ningeigusa mwisho. Na hakuna mgeni ambaye angeweza kuiuliza. Wageni hawakuwa chini ya meza.

Ndiyo maana nasema msomaji awe mtu anayeweza kukubishia. Watu hudhani kumwandikia mtu wa karibu kutawalegeza, kwamba wataanza kujipendekeza au kulialia. Nionavyo mimi ni kinyume. Mtu wa karibu ana ushahidi. Ukimwambia mdogo wako kwamba hujawahi kumkatia mtu tamaa, kuna siku moja anaikumbuka, na wewe unajua anaikumbuka, na kalamu inasita yenyewe.

Asiye na mtoto wala mdogo amwandikie nani? Marcus Aurelius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, alijiandikia mwenyewe, kwa Kigiriki. Lakini tazama alivyofanya katika kitabu cha kwanza cha maandishi hayo: anataja watu mmoja baada ya mwingine, babu, mama, walimu, baba aliyemlea, na kwa kila mmoja anasema alichojifunza kwake. Kutoka kwa mlezi wake, kutoshabikia upande wowote kwenye mashindano ya magari ya farasi. Kutoka kwa Alexander, mfuasi wa Plato, kutowaambia watu kila mara, bila ya lazima, kwamba hana nafasi. Hebu fikiri: mtu mwenye milki nzima mabegani anajikumbusha asijifanye ana shughuli nyingi, na anamkumbuka aliyemfundisha. Nami huwaambia wanaokwama waanzie hapo. Kila unachokithamini kuna mtu ulikiona kwake kwanza, mwalimu, shangazi, bosi wa kazi ya kwanza. Mwandikie huyo, umweleze ulikifanyia nini kile ulichokichukua kwake. Ni zoezi zuri hasa kwa wale ambao kila wakianza huishia kujisifu, kwa sababu ni vigumu kujivunia mali mbele ya mwenye mali.

Augustino, askofu wa Kikristo wa Afrika Kaskazini, yapata mwaka 400 alimwandikia Mungu, msomaji asiyedanganyika hata kidogo. Matokeo yake anatumia kurasa kadhaa kwa mapeari aliyoiba na wenzake akiwa na miaka 16. Hakuwa na njaa, na nyumbani kwao yalikuwapo mazuri zaidi. Mengi waliyatupia nguruwe. Mbele ya watu angekuwa na mambo makubwa zaidi ya kuungama. Mbele ya Mungu yalimkaa mapeari, kwa kuwa hakupata sababu ya kuyaiba isipokuwa utamu wa kuiba pamoja na wenzake.

Barua kwa "mimi wa zamani", ile ambayo mtu anajiandikia alivyokuwa na miaka 20, siipendi. Yule kijana hana la kujibu. Unamshauri, unamfariji, unamsamehe, na yeye anakubali kila kitu.

Kuna suala la maumivu ambalo halikwepeki. Mwaka 1986 watafiti wa saikolojia nchini Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu jambo lililowaumiza, tukio pamoja na hisia zake, walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kliniki ya chuo mara chache kuliko wenzao. Utafiti huo hunukuliwa sana kuwahimiza watu waandike, na ile nusu ya kujisikia vibaya huachwa. Mimi naikumbuka, kwa sababu nimeona mtu akimaliza kuandika usiku na papo hapo kumtumia dada yake, hali maneno bado yanachemka. Kuandika kwa kujitua mzigo na kuandika kwa kumkabidhi mtu ni kazi mbili. Fanya ya kwanza, ifiche au ichane, lala. Ya pili itakuwa fupi zaidi na haitamchoma asiyehusika.

Na wasiohusika wapo daima. Huwezi kusimulia ulivyojifunza kusamehe bila kumtaja uliyemsamehe, ambaye pengine hajui hata kwamba alikosa. Kanuni yangu hapa ni ya kimabavu kidogo: siri ya mtu mwingine haiingii, hata kama ndiyo iliyokufanya uwe ulivyo. Andika ulichokifanya wewe baada ya hapo. Wanaolalamika kwamba hadithi itapwaya mara nyingi hugundua kwamba kilichokuwa kinaibeba ni umbeya.

Kuhusu urefu, mwaka 1951 kulianza katika redio ya Marekani kipindi kilichotangazwa na Edward R. Murrow, ambapo watu walieleza wanachokiamini kwa dakika tano hivi kila mmoja. Walipita Eleanor Roosevelt, Helen Keller, mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, na watu wengi wasiokuwa na jina. Walioalikwa waliombwa waseme "mimi", waache "sisi". Ombi dogo, lakini jaribu kulitekeleza: chukua ukurasa wako, futa kila "sisi", "binadamu" na "jamii yetu", uone kinachobaki. Kuna watu hubakiwa na mistari minne. Ile minne ndiyo mwanzo. Dakika tano zinatosha jambo moja na tukio lake. Ukiingiza la pili, yote mawili yanarudi kuwa orodha.

Aya ya kwanza, kwa kawaida, ikatwe. Karibu kila mtu huanza kwa kusema maisha ni safari.

Mwisho ni suala la wakati. Wengi hungoja wazeeke, au waugue, ndipo waandike, wakidhani mtu huandika mara moja tu na kwa hiyo ni lazima awe amefika. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 na kuchapisha Maisha Yangu mwaka 1949, akiwa na miaka 40. Alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Alipovuka miaka 50 akashika tena kalamu na kuandika Baada ya Miaka Hamsini, na leo maandishi hayo mawili ya maisha yake yanasomwa ndani ya jalada moja. Alifariki mwaka 1962. Angengoja uzee, tusingekuwa na hata moja.

Kwa hiyo weka tarehe juu ya karatasi yako na jina la unayemwandikia, umpe akiwa hai na wewe ukiwa hai, mkiweza kubishana. Miaka kumi ikipita ukaona huamini tena ulichoandika, iache karatasi ile ilivyo na uandike nyingine. Aliyepewa ya kwanza apewe na ya pili. Ataona mwenyewe wapi umebadilika, na huenda akakuambia kwamba yeye aliliona kabla yako.